Dumu Lililopungua Njiani

Kila siku baada ya masomo Sisimizi alipitia kwenye kibanda cha mjomba wake, fundi cherehani. Alivua viatu mlangoni, akaokota nyuzi sakafuni, akapanga vifungo kwa rangi, kisha akamtungia mjomba uzi kwenye sindano, maana macho ya fundi yalikuwa yameanza kukataa vitundu vidogo. Jina la Sisimizi alipewa na mjomba huyohuyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona amekaa mikono mitupu.

Karibu na dirisha alisimama binamu yake, binti wa fundi, aliyemzidi mwaka mmoja. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo zilizokwisha kushonwa, lakini mdomo wake ulifanya kazi kuliko pasi, ndiyo maana akaitwa Kasuku. Wateja walimpenda kwa maneno yake, na Sisimizi alimpenda kuliko wateja wote. Walilelewa ua mmoja, wakaugua surua kitanda kimoja, na shuleni aliyemchokoza mmoja alijua amewachokoza wawili.

Wakati wa likizo kibanda kilijaa mabegi ya mgongoni. Vijana wasafiri walikuja kwa feri, wakakizunguka kisiwa kwa miguu huku wakilala kwenye mahema ili wasilipe hoteli, na mikanda ya mabegi ilipokatika walimletea fundi. Wakati anashona, walimsimulia mambo waliyoyaona: fukwe nyeupe, ndege wa baharini, na jabali lililotobolewa na mawimbi hadi likawa kama mlango. Siku moja fundi alisimamisha cherehani akasema hii sasa ni aibu. Yeye kazaliwa hapa, mvi zimemwotea hapa, na upande wa pili wa kisiwa chake anausikia kwa wageni.

Akatafuta turubai kuukuu la lori, akashona mabegi matatu. Moja lake, moja la Kasuku, moja la Sisimizi.

Aliyekuwa mgumu ni mama yake Sisimizi, dobi, dada yake fundi. Alikuwa mjane na mtoto wake ni huyo mmoja. Alibembelezwa siku kadhaa hadi akalegea. Asubuhi ya safari alimshika kaka yake mkono na kumwambia, "Kaka, nakukabidhi mboni ya jicho langu." Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe, mwanangu, usiende kuwa mzigo kwa watu."

Maneno hayo Sisimizi aliondoka nayo. Alitaka kukizunguka kisiwa chote kwa miguu yake mwenyewe, na alitaka mjomba akirudi aseme, yule mtoto wako hakunisumbua hata kidogo.

Mwanzoni safari ilikuwa tamu. Walifuata ufuo, bahari upande mmoja na minazi upande wa pili. Karibu na mchanga maji yalikuwa ya kijani, mbele yakawa buluu iliyokolea, na kaa wadogo walikimbia mbele yao kama watu wanaodaiwa. Walikula mkate na mayai ya kuchemsha waliyotoka nayo nyumbani. Jioni waliomba ruhusa kwa mwalimu wa shule iliyokuwa njiani, wakapiga hema uwanjani. Kasuku alilala chali mlangoni mwa hema akasema hoteli za matajiri zina nyota tano, lakini hii ya kwao hazihesabiki. Fundi alicheka mpaka akakohoa.

Kazi waligawana. Fundi alibeba hema na sufuria. Sisimizi alibeba chakula, na ndiye aliyepewa jukumu la maji: kila walipofika kisimani alisuuza dumu, akalijaza, akalifunga. Kulibeba ilikuwa kazi ya Kasuku. Aliiomba mwenyewe kwa majigambo, kwamba yeye ndiye mkubwa na mabega ya Sisimizi ni ya kubebea vifungo. Fundi alimkumbusha kwamba maji ni mazito, na akichoka aseme wapokezane. Kasuku akajibu kwamba neno hilo, kuchoka, kwake halijafika.

Kisha wakakaribia upande wa majabali. Hapo njia hupanda juu ya mwamba, hakuna kijiji wala kivuli cha maana, na kisima cha mwisho kiko kabla ya mlima. Fundi aliwasimamisha kisimani akawaeleza bila mzaha. Kutoka hapo hadi ng'ambo ya majabali hakuna tone la maji, watakayobeba ndiyo watakayokunywa. Sisimizi alijaza dumu hadi shingoni, akakaza kifuniko kwa mikono miwili. Fundi akalitia katika begi la Kasuku, wakaanza kupanda.

Jua lilikuwa kali, lakini walipofika juu walisahau uchovu. Lile jabali lenye mlango lilionekana chini yao, mawimbi yakiingia na kutoka. Ili kuliona vizuri ilibidi kushuka kidogo kwenye mawe. Kasuku akasema waende wao, yeye abaki kulinda mizigo kunguru wasichokoe mkate. Fundi alishangaa kidogo, maana Kasuku hakuwa mtu wa kuachwa nyuma. Sisimizi alishuka na mjomba wake. Walikaa pale wakipigwa na upepo wa chumvi, na mjomba akamwambia kwamba tangu utoto hajaona kitu kizuri kama kile.

Waliporudi, Sisimizi alitaka kuwagawia maji. Alilivuta dumu kwa nguvu kama alivyozoea, likaja jepesi hata akapepesuka. Yaliyobaki yalikuwa chini kabisa, na kifuniko kilikuwa kinacheza.

"Nani alifunga dumu hili?" fundi aliuliza.

"Mimi, Mjomba."

"Ulifunga, au uliweka kifuniko juu?"

"Nilifunga. Nilikaza kwa mikono miwili."

Fundi alimtazama binti yake. Kasuku alikuwa anaangalia bahari. Kwa sauti ndogo alisema kwamba njia nzima alihisi mgongo umelowa, akadhani ni jasho. Huenda maji yalikuwa yanavuja begini na jua likayakausha.

"Basi ndiyo hayo," fundi alisema. "Ungekaza, tungekuwa na maji. Tunarudi kisimani, na kesho tutakata njia ya katikati twende nyumbani. Huku juu sitembei na mtu asiyeaminika na kifuniko."

Sisimizi alikumbuka vizuri viganja vyake vikikaza. Lakini maji hayapo, kifuniko kimelegea, na mjomba amesema. Walipoanza kushuka, hata yeye akaanza kujishuku. Pengine alikaza vibaya. Pengine alikuwa na haraka. Aliwaza jinsi mama yake atakavyosikia kwamba safari imevunjika kwa sababu yake.

Machozi yalipomtoka, Kasuku alimsogelea akamshika mkono. "Usilie, bwana. Kila mtu hukosea," alimnong'oneza. "Shuleni sitamwambia mtu."

Sisimizi alimshukuru. Kwa kuwa Kasuku ndiye aliyebeba dumu, alimpa na funda lake la mwisho la maji. Kasuku alisita, kisha akalinywa.

Walifika kisimani midomo imekauka. Mama mmoja aliyekuwa akifua nguo pale aliwatambua, maana aliwaona wakipanda asubuhi. Akauliza kwa kicheko kama kisiwa kimekwisha, mbona wanarudi na njia ileile. Fundi, aliyekuwa na hasira na uchovu, akamjibu kwamba kisiwa kipo, kilichowashinda ni kifuniko cha dumu, mpwa wake hajui kufunga. Yule mama akacheka, akasema mtoto kama huyo ukimwozesha atamwaga hata mchuzi. Kasuku naye akacheka.

Sisimizi aliinama akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Baada ya kunywa, fundi akataka kuchemsha chai. Alipanga mawe matatu, akatia vijiti, akapeleka mkono chini kabisa ya begi la Kasuku, akatoa kiberiti. Alikiwasha mara moja tu, kikashika.

Sisimizi alikitazama kile kimoto. Akasimama.

"Mjomba," alisema, "kiberiti kilikuwa wapi?"

"Chini ya dumu. Nilikiweka mwenyewe asubuhi."

"Na maji yalipovuja yalipita wapi?"

Fundi alibaki ameshika njiti mpaka ikamwunguza kidole, akaitupa. Akalitwaa begi la binti yake, akaligeuza nje ndani. Vumbi la turubai lilikuwa bado limekaa kwenye pembe, kavu, halijashikana hata kidogo. Kasuku alianza kusema labda kiberiti kilikauka kwa jua, lakini baba yake alimwambia taratibu kwamba kiberiti kikilowa hakikauki, kinakuwa uji.

"Sema, mwanangu."

Kasuku akaketi chini. Kweli ikatoka kidogo kidogo. Mkanda ulimchuna bega tangu mwanzo wa mlima. Aliona haya kusema, maana alikwisha kujisifu. Walipokwenda kutazama jabali alimwaga kidogo, akaona mzigo bado mzito, akamwaga tena, na alipogundua amezidisha akakilegeza kifuniko. Alidhani kwamba Sisimizi atagombezwa kidogo tu, kisha yaishe.

Yule mama mfuaji aliacha kufua. Hakuna aliyecheka.

Sisimizi alimtazama binamu yake. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa amelisikia neno hilo mara nyingi akidhani linahusu chawa.

"Ulinipa pole," alisema. "Ulinipa pole kwa kosa lako, na mimi nikakushukuru. Nikakupa na maji yangu."

Kasuku alijifunika uso. Sisimizi akaenda kukaa upande wa pili wa kisima, peke yake, akawapa mgongo.

Fundi alimfuata. Hakusimama juu yake kama wakubwa wanavyosimama. Alichuchumaa mpaka macho yakawa sawa. "Nisamehe, mama," alisema. "Nilikuuliza kama mtu ambaye jibu analo tayari. Nikakuaibisha na mbele ya watu." Kisha akamrudia yule mama mfuaji, akamwambia waziwazi kwamba alikosea, mpwa wake anajua kufunga dumu kuliko yeye anavyojua kusikiliza.

Halafu akampa Sisimizi uamuzi. Aliyedhulumiwa ni yeye, basi yeye ndiye aseme: kesho warudi nyumbani, au wapande tena majabali?

Sisimizi alifikiri. Nyumbani palikuwa karibu, na usoni mwa Kasuku hakutaka kutazama. Lakini safari ilikuwa yake pia, na hakuona kwa nini uongo wa mtu mwingine umnyang'anye.

"Tupande," alisema. "Lakini mimi sitembei naye."

Asubuhi alijaza dumu, akakaza kifuniko, akamwita mjomba aje akijaribu kwa mkono wake. Kasuku alilibeba bila kuambiwa, mkanda ukiwa umetiwa kitambaa laini begani. Sisimizi alitangulia mbele na mjomba. Kasuku alifuata nyuma yao, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alitembea muda mrefu bila kusema. Walipita jabali lenye mlango, wakaendelea juu ya mwamba, bahari ikipiga chini kwa kishindo.

Katikati ya mwamba sauti ikatoka nyuma. "Baba, nimechoka. Bega linaniuma."

Fundi alisimama, lakini Sisimizi alimtangulia. Alirudi nyuma, akavua begi lake la chakula akampa Kasuku, akalichukua la maji. Walitembea hivyo, wakapokezana mara nyingine kabla ya kushuka, na maji yaliwatosha mpaka wakaona mapaa ya kijiji cha ng'ambo.

Siku walipoingia mjini kwa njia ya upande wa pili, mama yake Sisimizi alikuwa anaanika mashuka. Aliuliza kama binti yake amewasumbua. Fundi akamwambia yote, akaanza na kosa lake mwenyewe, ndipo akaja kwenye la binti yake. Kasuku alisimama pale akasikia kila neno, kisha akamwomba shangazi yake radhi.

Akamgeukia Sisimizi. "Umenisamehe?"

"Nimekusamehe," Sisimizi alijibu. "Kukuamini bado."

Kasuku alianza kulia, akasema basi hajasamehewa. Dobi aliweka shuka chini, akawakalisha wote wawili kwenye kizingiti.

"Amekusamehe, na amekwambia kweli, ndivyo inavyotakiwa," alimwambia Kasuku. "Kusamehewa umepewa leo. Kuaminiwa hakuombwi, mwanangu, kunarudi kwa kazi. Uchovu si aibu. Ungesema njiani nimechoka, wangekupokea mzigo wakacheka yakaisha. Umenyamaza, ukautua begani kwako ukamtwika mwenzio, tena ule mzito zaidi, mzigo wa kushukiwa." Akamtazama na kaka yake. "Na sisi wakubwa, tuulize kwanza, tuhukumu baadaye."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Kasuku akapangusa macho, akauliza kama anaweza kumsaidia shangazi kuanika. Dobi akampa ncha moja ya shuka, na ya pili, bila kuuliza, akampa Sisimizi.