Barafu za Kampeni

"Si useme wewe? Kiranja wa afya ni nani hapa, mimi?"

"Niache, Immakulata."

"Sikuachi. Mdogo wangu anaharisha tangu jana, na wewe umesimama tu hapa kama mlingoti wa bendera."

Wenzao walicheka. Shadia, kiranja mwenyewe, hakucheka. Ilikuwa mapumziko ya saa nne, na nje ya geti la shule yao, pale Kasulu, watoto walishajipanga mbele ya deli la barafu la Badru. Mabomba ya mtaa yalikuwa yamekauka. Jana yake Shadia alimwona Badru kwa macho yake akijaza dumu kwenye kijito cha bondeni, pale watu wanapofulia.

Lakini angeanzia wapi? Wakati wa kampeni za ukiranja, Badru ndiye aliyegawia shule nzima barafu za bure. "Mkono mtupu haulambwi, mwanangu," alimwambia Shadia. "Wewe gombea, barafu juu yangu." Mpinzani wa Shadia, Nadège, alikuwa na maneno tu, ya kuchemsha maji. Nani amsikilize mtu wa maji ya moto huku analamba barafu? Shadia akashinda kiulaini.

Akajikaza, akamfuata Badru. "Shikamoo, Anko. Samahani, maji ya hizi barafu umeyachemsha?"

"Marahaba, kiranja wangu." Badru akatabasamu. "Na zile zilizokupa kura, uliniuliza kama nimechemsha?"

Shadia akarudi darasani amekunja ndita. Akakuta wengine wawili wamelala juu ya madawati, wameshika matumbo. Hapo hasira ikaizidi aibu. Akaenda ofisini, akamweleza Mwalimu Melkiadi yote, la kijito na la kampeni.

Mwalimu alishusha pumzi. "Yaani hata ukiranja tumeshauuza."

Bwana afya akaitwa, deli likafungwa, wagonjwa wakapelekwa zahanati. Kesho yake, mstarini, mwalimu hakuzunguka mbuyu.

"Kura zitapigwa upya kesho. Kila mgombea atapewa na shule karatasi mbili za manila na kalamu, kisha ataongea hapa mbele. Mtu wa nje akitaka kuchangia, alete ofisini, tutangaze, tuwagawie wote sawasawa. Atakayepokea kichochoroni, jina tunakata." Akamtazama Shadia. "Anayekulipia kampeni hajakupa zawadi. Amenunua mdomo wako. Siku ukiutaka, utakuta si wako."

Walipotoka shule, Badru alikuwa amesimama getini bila deli, soda ya baridi mkononi.

"Mwanangu, nasikia mnarudia. Barafu basi. Safari hii natoa soda, nitazigawa kule sokoni, mwalimu hatajua." Akamnyooshea chupa. "Anza na hii."

Jua lilikuwa kali na koo la Shadia limekauka. Aliitazama ile chupa inavyotoa jasho.

"Kunywa mwenyewe, Anko," akasema. "Mimi kesho nina ya kuongea."

Akageuka, akaenda zake.