Fundi wa Gazi Jikoni kwa Benita

— Ule anayecheka ni nani?

Bulaimu aliuliza hivyo akiwa amesimama juu ya kichuguu nyuma ya ofisi za Kabambare, mguu mmoja hewani, simu sikioni, kiganja juu yake kama mtu anayekinga mvua. Ni pale tu mtandao unapopatikana, tena kwa sikio la kushoto. Alikuwa amekuja kununua karanga. Dakika hiyo karanga zote zilimtoka kichwani.

— Iko fundi, — akajibu mkewe Benita kutoka Kasongo.

— Fundi wa nini?

— Utaona ukirudi.

— Benita, nakuuliza fundi wa nini.

— Wa jiko. Bwana yangu, usiharibu. Nilitaka ukute imekwisha, — akasema Benita akijizuia kucheka.

Na nyuma ya sauti yake yule mwanamume akacheka tena. Hakikuwa kicheko cha mgeni. Kilikuwa kile cha mtu aliyekwisha kupewa kiti na maji ya kunywa. Mguu wa Bulaimu ukashuka, mtandao ukakatika.

Bulaimu ni mtu mwema, msimseme vibaya. Ila aliwahi kumkataza mkewe kununua mkate kwa muuzaji mmoja wa sokoni, kwa sababu jamaa alikuwa akimchagulia ule wa moto. Yeye mwenyewe hasemi ni wivu. Anasema ni ulinzi.

Na hilo jiko nalo lina habari yake. Alipojenga nyumba, Bulaimu alitaka jiko kama alilokuwa ameliona Bukavu: katikati, meza kubwa ya saruji yenye vigae vyeupe, unaizunguka pande zote, na juu yake plaki, sahani za chuma za kupikia kwa umeme, zimezamishwa ndani. Wenye pesa huiita kisiwa. Watu walikuja kuitazama tangu mtaa wa juu, wakakizunguka kile kisiwa, wakauliza maji yake yako wapi.

Sasa, kwao Bulaimu, mwanamume akimpa mkewe jiko jipya, moto wa kwanza anauwasha yeye kwa mkono wake. Si shemeji, si jirani mwenye kiberiti. Mpaka moto huo uwake, bibi bado ni mgeni humo ndani. Bulaimu aliwasha jenereta, akabonyeza kitufe mbele ya ukoo mzima, plaki ikaanza kuwa nyekundu. Mama yake akainama, akatafuta moto, hakuuona.

— Hii si moto, — akasema yule mama. — Hii chuma iko na homa.

Akachukua mkoba wake akaenda, na tangu siku ile hakula chakula katika nyumba hiyo. Jenereta nayo ilikunywa mafuta kuliko walevi wa mjini, kwa hiyo Benita akarudi kupika nje kwa makaa, kwenye mbabula kama wenzake wote, na kisiwa kikabaki cha kupigia pasi na cha kuku kutagia. Bulaimu alikataa kukigusa. Plaki zilitoka mbali, alisema. Umeme utakuja.

Benita alichoka kuwa mgeni katika nyumba yake. Mumewe alipopanda pikipiki kwenda Kabambare, Benita akauza mpunga wake, akamtafuta Aristote, fundi anayefunga majiko ya gazi kwa chupa za gazi, mitungi inayopandishwa kutoka Kalemie. Kazi yenyewe haikuwa ya kubadilisha balbu. Ilibidi plaki zing'olewe, waya wa umeme ukatwe na ncha zake zifungwe, tundu la saruji lipanuliwe, na mpira wa gazi upitishwe chini ya kisiwa mpaka nje ya ukuta, pa kukaa chupa. Siku zikawa nyingi. Na kila siku, Cécilia alikuwa akihesabu.

Cécilia ni dada mdogo wa Bulaimu, jirani yao wa lupango, ua kwa ua. Ujumbe wake ulimfikia kaka yake, anayemwita yaya, kwenye kichuguu:

“Yaya, fundi iko kijana. Anaitwa Aristote. Anavaa suruali ya kubana. Naandika tu, siongeze kitu.”

Kisha mwingine:

“Yaya, leo amewasha. Moto ya bleu, nimeona na macho yangu. Wote wawili wamecheka.”

Bulaimu aliusoma amesimama, akausoma amekaa, akamwomba Assumani, mwenye pikipiki, amsomee, labda kwake yeye utasema kitu kingine. Haukusema. Mwanamume mwingine amewasha moto wa kwanza wa mkewe. Karanga zikaachwa kwa mwenyewe, wakapanda.

Barabara ile mnaijua. Kuna pahali pikipiki inakubeba, na kuna pahali wewe ndiye unaibeba. Walipopita kijiji cha Wamaza, Assumani akauliza wanafukuza nani.

— Endesha, — akasema Bulaimu.

— Nauliza juu kama ni mugonjwa, nitakimbia. Kama ni wivu, tuende pole. Wivu haifi njiani.

Walifika Kasongo jua likiwa kichwani. Bulaimu aliingia kwa mlango wa nyuma. Plaki zake za Bukavu zilikuwa zimeegemezwa ukutani, kuku akizichungulia. Ndani, jiko jipya jeusi lenye macho manne lilikuwa limekaa kwenye kisiwa kama mwenye nyumba. Aristote amepiga magoti, kichwa kimezama kabatini chini, anapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira aone kama gazi inavuja. Benita ameinama karibu naye, anamulika na tochi.

— Umewasha moto kwa bibi yangu? — akauliza Bulaimu.

Aristote akatoa kichwa, povu shavuni.

— Karibu, patron. Ndiyo, nimejaribu. Bila kujaribu siwezi kuacha jiko kwa mutu…

Alikuwa na maneno mengine, lakini Bulaimu alikwisha kuushika mpira, akauvuta, ukang'oka. Aristote alikimbia nje kufunga chupa, na akiwa huko nje akaona ni busara aendelee kukimbia. Vyombo vyake vilibaki sakafuni.

Wakabaki wawili, kisiwa katikati yao.

— Umeniuliza miye? — akasema Benita.

— Nikuulize nini? Cécilia ameona.

— Cécilia ameona. Sawa. Miye, umeniuliza?

— Moto ya kwanza, Benita. Umempa mutu wa njiani. Sasa nikila humu, nakula kwa nani?

Benita akaizima tochi. Angeweza kusema neno moja tu, na habari hii ingeishia hapo. Lakini kuna mwanamke anayeeleza na kuna anayengoja kuulizwa, na Bulaimu alioa wa pili.

— Kama unataka niende, sema na kinywa chako.

Na kinywa, kile kipumbavu, kikasema:

— Uende kwa baba yako.

Benita akanawa sabuni mikononi, akafunga mkoba, akatafuta pikipiki ya kwenda Nyangwe, kwa baba yake. Hakulia. Hilo ndilo lilimkera Bulaimu kuliko yote, maana alikuwa ameandaa maneno ya kumnyamazisha.

Alikuwa bado anazunguka kisiwa peke yake simu ilipolia. Ujumbe kutoka namba asiyoijua:

“Patron, ni Aristote. Usifungue chupa, mupira umeng'oka. Hata kiberiti usiguse humo mupaka nirudi. Na kitu ingine. Madame alinikataza kujaribu jiko ndani. Alinitoa inje nalo, nikaliweka juu ya matofali mu lupango, nikajaribia kule. Nimecheka sana, sijaona hiyo tangu nianze kazi. Akasema ndani, moto ya kwanza ni ya bwana yangu. Unisamehe juu ya kicheko.”

Bulaimu akatoka nje. Matofali yalikuwepo, na majani ya pembeni yameungua kidogo. Akamwita Cécilia kupitia lupango.

— Ule moto uliona wapi?

— Pale, kwa matofali.

— Mbona haukusema ni inje?

— Haukuuliza, yaya.

Alikwenda kwa mama yake kuomba amsindikize Nyangwe. Yule mama alimenya muhogo mzima, akauweka majini, ndipo akasema kinywa kilichofukuza ndicho kitakachorudisha. Yeye cha kwake kiko na kazi ya kula. Akaongeza kwamba kama angekuwa Benita, angekuwa amevuka mto kabisa, asionekane tena.

Huko Nyangwe, baba mkwe wake, mzee Pierre, alimkalisha kwenye kigoda kifupi sana, magoti yakamfika kidevuni. Akamhoji taratibu. Je, binti yangu ameiba? Hapana, baba. Amekutukana? Hapana, baba. Amelala nje? Hapana, baba. Basi amefanya nini? Bulaimu akaeleza habari ya fundi, ya moto wa bleu, ya matofali, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama kosa si la Benita, bali la huyo aliyekaa kwenye kigoda. Mzee akasema yeye hana swali tena, akamwita bintiye, akawaachia uwanja.

Benita akasimama, hakukaa.

— Nimejua ukweli, — akasema Bulaimu. — Nimekosa. Unisamehe.

— Umejua kwa nani?

— Kwa Aristote. Aliniandikia.

— Unaona. Cécilia alisema, ukaamini. Aristote umemufukuza kama kuku, akasema, ukaamini vilevile. Kasongo muzima unaamini. Iko miye tu hauamini.

Bulaimu akakivuta kigoda karibu. 

— Sikuogopa utanisaliti, — akasema mwishoni. — Kwa simu nilikusikia umefurahi. Nikajiuliza tangu lini miye nilikuchekesha hivyo. Miye najua tu kununua vitu na kuvileta.

Kwa mara ya kwanza Benita akakaa.

— Vitu nilikuwa navyo, Bulaimu. Nilikosa moto. Mama yako alisema mbele ya watu ya kwamba humo hamuna moto, na weye ukabaki kusifia plaki. Kila nikiingia pale, nilikuwa mugeni.

— Rudi. Nitawasha leo hii.

— Hautawasha leo. Kazi haijaisha.

Akamwekea masharti, sauti ya chini, kama mtu anayepima chumvi. Fundi atakayemaliza ni Aristote, si mwingine. Wa kumpigia simu ni Bulaimu mwenyewe. Na siku hiyo yeye atakaa barazani, mlango umefungwa, mpaka aitwe.

— Ukichungulia mara moja, nitarudi huku, — akasema. — Na hiyo chupa utapika nayo peke yako.

Siku ile ikafika. Aristote alikuja amevaa suruali ileile ya kubana, akamsalimia patron kwa mbali kidogo. Bulaimu akampa mkono, akamwomba msamaha kwa maneno machache yaliyomtoka kama meno. Mlango ukafungwa.

Kukaa barazani ni kazi rahisi, mtasema. Jaribuni. Kwanza kulikuwa kimya, na kimya kilimtesa. Kisha nyundo. Kisha Benita akasema kitu, hakisikiki, na Aristote akacheka. Bulaimu akasimama. Akakaa. Wakacheka wote wawili, kile kicheko cha kichuguuni. Akasimama tena, akashika kitasa, akakiachia kama kimemuunguza, akarudi kukaa na kuketi juu ya mikono yake mwenyewe.

Hapo Cécilia akatokea kupitia upande wa dirisha la jikoni, macho yamemjaa habari.

— Yaya, wanacheka humo. Nimesikia. Tena nimeona…

Jamani, alitaka kusikia. Alitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji. Jasho lilimteremka mpaka kwenye mkanda.

— Dada, — akasema, — uende kwako.

— Haujui nimeona nini.

— Nikitaka kujua, bibi yangu iko ndani. Enda.

Cécilia akaenda, akigeuka geuka, akiwa na habari yake nzima isiyotumika. Kuna watu wamewahi kubeba mzigo mzito. Mimi sijui kama kuna aliyebeba mzito kuliko ule.

Mlango ukafunguka. Aristote akatoka na vyombo vyake, akaeleza namna ya kufunga chupa kila wakimaliza kupika, na madirisha wasiyafunge, akaaga. Nyuma yake Benita alikuwa amesimama na kiberiti mkononi.

— Njoo, — akasema.

Mama yake Bulaimu, aliyeitwa na Benita, alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, amesimama kando ya kisiwa na mkoba wake kwapani, tayari kuondoka tena ikibidi. Bulaimu akawasha kijiti cha kwanza, kikazimika kabla hajageuza kitufe. Cha pili akakisogeza, akageuza kitufe, na moto ukaruka, wa bleu, ukazunguka jicho la jiko na kutulia. Yule mama aliinama, akauona. Aliuweka mkoba wake chini.

Benita akabandika sufuria ya wali, akaanza kuosha majani ya sombe. Bulaimu alibaki amesimama, anautazama moto, halafu anamtazama mkewe, halafu moto.

— Benita.

— Bwana yangu.

— Mulikuwa munacheka nini?

Benita alifuta mikono kwanza.

— Weye. Kivuli chako kilikuwa chini ya mulango. Kila tukicheka kinasimama, tukinyamaza kinakaa. Aristote akasema tucheke tena tuone.

Bulaimu akatafuta hasira zake, alikuwa nazo nyingi asubuhi. Hakuziona. Mama yake alikuwa wa kwanza kucheka, akashika tumbo, akaegemea kisiwa, Benita akafuata, na yeye, mwenye kivuli, akawa wa mwisho, akacheka mpaka wali ukafurika, na ikabidi akimbie kupunguza moto.