Nukta ya Ubao wa Saba

Duka la Mhindi pale Eldoret lilijaa siku hiyo ya mwaka 1938. Makaburu walinunua misumari kwa mlango wa mbele, Waafrika wakasukumana kwenye dirisha la nyuma, maana ndivyo wakubwa walivyopanga. Upepo ukamnyang'anya Khisa karatasi yake yenye nukta nukta, ukaibandika kwenye aproni nyeupe ya msichana mmoja.

"Kaka, nzi wamekunyea karatasi," akasema msichana, akicheka.

"Sio nzi, dada. Ni mbao. Mimi ndiye huzivunja."

Khisa alifanya kazi kwa bwana wa barabara, akipakia mbao chache za majaribio vyuma vizito mpaka zivunjike, kabla zilizobaki hazijalazwa kwenye daraja jipya la mto Sosiani. "Kwenda kulia ni unene wa ubao. Kwenda juu ni uzito uliouvunja. Kila ubao nukta yake, na mbao nzima hufuata mstari huu."

"Na hii imeanguka chini ya mstari peke yake?"

"Ubao wa saba. Mnene, lakini ulikatika kama muhogo."

Msichana aliitwa Musimbi, gauni la maua ya manjano chini ya aproni, raba nyeupe miguuni. Alikuwa yaya nyumbani kwa bwana huyohuyo. Basi simu ya ofisi haikupumzika tena, Khisa akipiga, Musimbi akipokea.

"Halo, bwana yupo?"

"Khisa, bwana si yuko huko kwenu?"

"Basi nipe yaya."

"Yaya anaosha mtoto."

"Acheke tu kidogo, mpenzi. Itanifikisha saa sita."

Wiki ya tatu bwana akakunja uso. Nukta ile iliharibu mstari wake, na wakubwa wa Nairobi walikuwa wanakuja Jumatatu. "Futa!" Khisa akafuta. Mtu mwenye kipande shingoni, cheti cha kazi kinachongoja sahihi ya bwana, hupingaje?

Musimbi akiipangusa meza ya bwana nyumbani, akaiona karatasi, ile nukta haipo. Simu ikalia ofisini.

"Khisa, ubao wa saba uko wapi?"

"Bwana amesema..."

"Ndugu yangu Elphas atapita daraja hilo na lori la mahindi kila siku. Bwana wako atapita lini?" Akakata.

Siku mbili Khisa alipiga simu, mpishi ndiye aliyepokea. Aliketi, akasimama, akaketi tena. Jumamosi mchana, wenzake wameondoka, akachukua mbao mbili kutoka rundo lilelile la ule wa saba. Wa kwanza ukalia, ukakatika. Wa pili vilevile. Akachora karatasi upya, nukta tatu chini ya mstari, zote kwa wino.

Jumatatu kazi yake ilikuwa kubandika karatasi ukutani. Akabandika hiyo.

"Na hizi tatu?" akauliza mkubwa mmoja.

Bwana akawa mwekundu. Rundo zima likatupwa, na wakubwa wakamsifu bwana kwa uangalifu wake! Hao ndio wakubwa wetu. Khisa alifukuzwa kabla ya jioni, kipande chake kikanyimwa sahihi. Bila sahihi hiyo, hakuna mzungu wa kumwandika tena Uasin Gishu nzima.

Nje ya geti alimkuta Musimbi, sanduku la bati kichwani, hana aproni.

"Na wewe wamekufukuza?"

"Mimi nimewafukuza wao, niliposikia bwana akizilaani nukta zako tatu kwenye simu. Twende kwetu Maragoli ukanioe. Baba hataki kuona kipande."

"Atataka kuona nini?"

"Ng'ombe."

"Musimbi, sina hata mkia wa ng'ombe."

"Utamwambia hivyo mwenyewe. Mimi nitakaa kando yako." Akamtwisha sanduku. "Beba. Mume wangu hatembei mikono mitupu."