Mkwe Aliyechaguliwa kwa Mguu wa Kushoto

Majirani zangu wa Ibra, na nyinyi wa Nizwa na Sur mnaojiona haya hayawahusu, nisikilizeni. Mie Kaltham, mjane, mshona nguo, na baina ya nyumba yangu na ya Sleyum pana ukuta mmoja tu. Ninayoyasema sikuyaokota sokoni. Mengine nilihadithiwa na mkewe na bintiye, na mengine niliyasikia kwa masikio yangu, maana wanaume wakibishana mpira hawajui kusema polepole.

Mwaka wa themanini na tatu nyumba ya Sleyum ilikuwa nyumba ya raha. Sleyum alizaliwa Tabora, akarudi Oman mwanzo wa miaka ya sabini na mkewe Rahila, akapata ukarani serikalini kwa Kiingereza chake. Baada ya sala ya alasiri Rahila hutandika mkeka uani, huja kahawa na tende, na binti yao Wadha huwasomea gazeti la Kiarabu, kwa kuwa wazee wake walikijua Kiarabu cha kusalia na cha kununulia nyama tu. Wakicheka wanasikika mpaka kwangu. Wadha alikuwa amemaliza sekondari, kafaulu vizuri, na kakubaliwa chuo cha uuguzi Muscat. Lililobaki ni baba mtu kumpeleka na kutoa idhini mbele ya wakubwa wa chuo, maana binti hapokelewi bila ya hivyo. Sleyum aliahidi kwamba mwezi wa Septemba atampeleka mwenyewe kwa gari yake. Nguo za safari nilishaanza kumshonea.

Sasa mnajua kiangazi kikimalizika huwa nini hapa kwetu. Timu za mitaani zimeshachezana, na kamati ya klabu inakaa kuchagua nani achukuliwe na nani aachwe. Hapo ndipo wanaume wetu wanapopotewa na akili. Wakikutana kwenye sabla ya Sleyum, kile chumba cha wageni wanaume chenye mlango wa barabarani, hawatoki mpaka kahawa iwaishie. Mkubwa wao ni Nadhir, muuza matairi, mtu ambaye tumbo lake huingia mlangoni kabla yake na ambaye sijapata kumwona akikimbia hata mvua.

Kazi yao ni kulaumu. Kamati imemchukua kipa anayefumba macho mpira ukija, kwa sababu mjomba wake ni mwanakamati. Kamati imemchukua beki mzuri, hilo hata Nadhir alilikubali, kisha ikamchezesha winga, akawa kama mtu aliyepotea njia. Na kubwa kuliko yote, kamati ilimwacha Mahrous, mtoto wa wauza mbuzi wa Sinaw waliohamia hapa, ati mwembamba. Timu nyingine ikamchukua, na msimu uleule akaja kutufunga palepale kwetu. Sleyum alilala na homa siku mbili kwa ajili ya Mahrous. Mama yake mzazi alipofariki hakuugua hata mafua.

Na nisiwadhulumu, katika kupeleleza walikuwa hodari. Wakimtaka mchezaji wanamuulizia kama polisi. Analala saa ngapi, magoti yake vipi, ana hasira, kalelewa na nani. Nadhir alipanda gari mpaka milimani Dima wa Tayyin kuwauliza wachungaji kama beki fulani ana pumu. Alirudi tangi la mafuta limetoboka kwa mawe, lakini jibu analo.

Mwaka ule, siku ya pili ya Idi, timu moja ya Sur ilikuja kucheza na vijana wetu, na ndani yake alikuwamo kijana akiitwa Thabit. Mguu wake wa kushoto ulikuwa wa ajabu, nami nakiri, maana niliuona nikiwa juu ya dari na wanawake wenzangu. Wanaume walitoka uwanjani kama waliotoka kwenye mawaidha. Tatizo lilikuwa moja. Klabu ilikuwa na sharti lake kwamba haimchukui asiyekuwa mwenyeji wa Ibra.

Basi wakakaa sabla kulitafutia sharti hilo mlango. Mie nilikuwa uani naanika nguo. Nikamsikia Sleyum akisema kwamba uwenyeji si kitu cha kuzaliwa nacho tu, mtu akioa mahali na akakaa hapo, ni mwenyeji wa hapo. Wakacheka. Kisha kicheko kikaisha, na Nadhir akauliza ni nani atakayemuoza binti yake kwa ajili ya klabu.

Sleyum akaweka kikombe chini, akasema, "Mie nina Wadha."

Nguo ilinitoka mkononi ikaanguka mchangani. Nilingoja mmoja wao aseme hapana. Kitu cha pili nilichosikia ni Nadhir akiahidi kumpa Thabit kazi dukani kwake.

Mwajua ada yetu. Mume ndiye anayepeleka posa, na watu wa mke huomba muhula, wakaulizia. Wanaume huuliza msikitini, wanawake huulizana majumbani, na mambo yote ya mtu hujulikana kabla hakujajibiwa neno. Sleyum aligeuza ada juu chini. Alifunga safari mwenyewe kwenda Sur kumtafutia bintiye mume, tangu lini jamani, na huko alikaa siku nzima. Alimtazama Thabit akifanya mazoezi pwani. Alimshika goti kwa mkono wake. Aliwauliza wavuvi kama kijana amewahi kuvunjika mfupa. Kisha akamtajia binti na kazi, kijana akakubali, naye Sleyum akarudi, uso umemkunjuka kama bwana harusi mwenyewe.

Rahila alimngoja mlangoni. "Umemuulizia?"

"Nimemuulizia. Goti zima, pumzi anayo. Straika kamili."

"Nakuuliza habari za mtu, Sleyum."

"Mtu ni huyohuyo," akasema, akaingia ndani kula.

Wadha alikuja kwangu, akaniamkia shikamoo, akakaa karibu ya cherehani. Hakulia. Aliniambia tu kwamba baba aliahidi, na kwamba anaogopa akisema hapana mbele ya watu atamvunjia heshima. Nilijifunga buibui langu nikaenda kwa Sleyum. Nikamwambia kuwa chuo kinamngoja mtoto na posa hii haina mbele wala nyuma. Akanijibu kwa adabu zote kwamba chuo hakikimbii, mwakani kipo, lakini kamati inafunga usajili wiki ijayo. Wallahi ndivyo alivyosema.

Akaulizwa Wadha mbele ya shekhe na mashahidi, akanyamaza. Msichana akinyamaza tunasema ameridhia, kwa kuwa ana haya. Lakini baba aliyemlea tangu utotoni anakujua kunyamaza kwa haya na kunyamaza kwa uchungu, na Sleyum alikuwa amekaa mkabala wake. Aliinamisha macho akatazama zulia. Ndoa ikafungwa, klabu ikamwandika Thabit, na Septemba ikapita.

Mwanzo wake ulikuwa wa sherehe. Thabit alifunga, akafunga tena, na Sleyum akawa anatembea sokoni kifua mbele, "mkwe wangu" haimtoki mdomoni. Sabla nzima ilimpongeza kwa jicho lake la kuchagua. Ndani ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Mkwe alikuwa akila, akilala, akitaka nguo zake za mpira zifuliwe kabla ya za mkewe, na akiulizwa neno anatoka. Dukani kwa Nadhir hakubadilisha hata tairi moja. Hapana aliyemsema, wasije wakamvunja moyo kabla ya mechi. Wadha, aliyekuwa akisoma magazeti kwa sauti, nikawa simsikii tena. Alikuwa mja mzito.

Kisha siku moja, mchana mkavu, mwanamke alishuka kwenye gari la Sur, mtoto ubavuni, akabisha kwa Sleyum. Jina lake Sabah. Alikuwa mke wa Thabit. Alimwambia Rahila bila ya ugomvi kuwa Thabit alimrudisha kwa baba yake tangu mtoto yupo tumboni, hakumwacha kwa talaka wala hakumpa matumizi, na kwamba yeye hataki chochote ila arejewe au aachwe huru. Akasema Sur nzima inajua. Ingetosha kumuuliza muuza maji.

Rahila alimkaribisha, akampa chakula, akambeba mtoto wake. Sleyum alipoambiwa alisema mambo hayo yangojee fainali iishe.

Fainali ikaisha, tukafungwa, na timu moja ya Muscat ikamwita Thabit kwa nyumba na kazi nzuri kuliko ya matairi. Akaondoka asubuhi na begi lake, akamwambia Wadha atatuma habari. Hakutuma habari, hakutuma talaka, hakutuma hata kopo la maziwa. Mtoto akazaliwa baba hayupo. Sleyum alimfuata Muscat, na sisi tukafurahi tukidhani sasa ubaba umemrudi. Alirudi, akakaa sabla, na neno lake la kwanza kwa wenzake lilikuwa kwamba kocha wa kule ni mjinga, anamchezesha kulia.

Sasa nakufikisheni kwenye siku yenyewe. Kiangazi kingine kimekwisha, kamati inachagua tena, na sabla imejaa. Mjadala wa siku ile ulikuwa kama Thabit alikuwa chaguo zuri au baya. Nadhir alishika upande wa ubaya, ati hana nidhamu na hakai na timu. Sleyum alimtetea. Alitaja magoli yake moja baada ya moja, akasema ila yake ni moja tu, hakupewa kiungo wa kumlisha mipira. Walikuwa wakipandishiana sauti, na mie nikiwasikia, na Wadha upande wa pili wa mlango wa ndani akiwasikia.

Mlango ule ukafunguliwa. Wadha aliingia katika sabla ya wanaume, mtoto mkononi, jambo ambalo halikupata kutokea nyumba ile. Aliwaamkia, kwa kuwa amelelewa vizuri, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mlikwenda mpaka Dima kuuliza pumu ya beki. Nani katika nyinyi aliuliza kama Thabit ana mke?"

Akamgeukia baba yake. "Na wewe, baba? Mie ni binti yako wa pekee. Ulikuwa unafikiri nini?"

Sleyum alikuwa na nafasi ya kusema lolote. Angeweza kusema nisamehe. Angeweza kulia tu, ingetosha. Na mtu huyu, Mungu amsamehe maana mie bado, akamtazama mwanawe na kusema:

"Mwanangu, mwaka ule hatukuwa na straika."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kwa upole, kama anayeeleza jambo la busara akitaraji kueleweka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nadhir aliinuka akatafuta viatu vyake, na wengine wakamfuata mmoja mmoja bila ya kuagana. Wadha alibaki amesimama kidogo, kisha akarudi ndani, na tokea siku ile hakumwita tena baba. Humwita Sleyum, kama ninavyomwita mie.

Rahila hakungoja ruhusa ya mtu. Alimchukua binti yake mpaka kwa kadhi, na Sabah akaja kutoka Sur kutoa ushahidi, wake wawili wa mume mmoja wamekaa bega kwa bega. Kadhi aliwasikiliza, akamwita Thabit, hakuja, akamwita tena, hakuja, na mwisho akazivunja ndoa zote mbili. Hapo walipata haki. Lakini chuo cha uuguzi kilishajaza nafasi, na mwenye mtoto mchanga hakai bweni. Wadha sasa anashona kwangu. Anashona vizuri, na juzi mtoto wa jirani alipojikata mguu yeye ndiye aliyemfunga, kwa mikono isiyotetemeka, nami ilinibidi nitoke nje nikalie.

Mafunzo ya Hadithi Hii

Sikukatazeni mpira. Chaguzi za kamati zibisheni mpaka mate yakukaukeni, muone nani alikuwa mzuri na nani gunia, hapana dhambi ndani yake. Dhambi ni kuwa na akili timamu kwa ajili ya timu na kuikosa kwa ajili ya nyumba. Watu wale walijua kuuliza, na hilo ndilo linalonifanya niwadharau. Mjinga asiyejua kuuliza ningemhurumia. Hawa walikuwa na uwezo wa kuijua tabia ya mtu mpaka saa anayolala, wakautumia kwa ajili ya kipa, na binti wa watu wakamtoa kwa goti zima.

Ada ya kuulizia haikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Baba anayeiruka kwa sababu ana haraka ya usajili amemuuza mwanawe, hata kama hakuchukua kitu mkononi. Na akinyamaza binti, muulizeni tena, faraghani, mamake akiwepo, na mumwambie kwamba hapana ni jibu.

Timu ikikosea kuchagua, mwaka ujao kamati inakaa tena. Wadha nafasi yake ilikuwa moja, na aliyempotezea alikuwa akimpenda. Kwa hivyo, nyinyi mliokaa sablani sasa hivi na hadithi yangu inawacheleweshea mjadala, posa ikibisha hodi nyumbani kwenu inukeni, vaeni viatu, mwende mkaulize.