Mashine Iliyolainisha Saruji

Joviana alihesabu safari zake za maji kwa magoti, si kwa vidole. Safari ya kwanza magoti yalinyamaza. Ya pili yalilalamika. Ya tatu yalimpigia kelele njia nzima.

Kijiji chake, Nyakashozi, kilikuwa juu ya mwinuko, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kamachumu. Migomba ilistawi huko, kahawa ilistawi, na watoto walistawi. Maji peke yake ndiyo yaliyopenda kukaa mbali, chini kabisa bondeni. Njia ya kuyafuata ilikuwa nyembamba na yenye utelezi. Mwaka uliopita Joviana alianguka na mtungi, akavunjika mkono wa kushoto. Mkono ulipona, lakini haukunyooka tena vizuri.

Sasa ilikuwa Februari 1975, naye alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Sitashuka bondeni na mtoto mgongoni," alimwambia mumewe, Ishengoma. "Nikianguka tena, si mkono tu utakaovunjika."

"Hutashuka," alijibu Ishengoma. "Tangi liko karibu kwisha."

Tangi hilo lilikuwa gumzo la kijiji kizima. Kijiji kilikuwa na mashine ya kusaga unga, na nyumba ya mashine ilikuwa na paa kubwa la bati. Mvua ikinyesha, maji yalimwagika tu kutoka kwenye bati na kupotea shambani. Basi wanakijiji waliamua kujenga tangi la mawe kando ya nyumba hiyo, wayakinge. Serikali iliwapa mifuko kumi ya saruji. Kazi ya mikono ilikuwa yao wenyewe, na waliifanya kwa nyimbo.

Ukuta ulijengwa kwa safu mbili za mawe. Katikati ya safu hizo iliachwa nafasi nyembamba. Humo ndimo ulimotakiwa kumiminwa uji wa saruji, yaani saruji, mchanga laini na maji, ili uzibe kila upenyo. Lakini nani angekoroga uji huo?

"Ta Ishengoma!" watu walisema kwa sauti moja.

Sababu ilijulikana. Hakuna mtu Nyakashozi aliyemshinda Ishengoma kwa kukamua ndizi za lubisi, ile pombe ya ndizi. Akiingia ndani ya mtumbwi wa kukamulia, nyayo zake zilijua lini ndizi zimetoa maji yake yote na lini ziongezwe maji ya mtungini. Pombe yake ilisifiwa mpaka Izimbya. Kama mtu anaweza kulainisha ndizi, watashindwaje kumkabidhi saruji?

Ishengoma aliuleta mtumbwi wake. Akamwaga humo saruji na mchanga. Akakunja suruali, akaingia kwa miguu mitupu, akakanyaga huku watu wakimpigia makofi. Uji ulipokuwa mzito, aliita, "Maji!" Ulipoendelea kuwa mzito, akaita tena, "Maji!" Mfuko mmoja ulimeza madebe mawili na ushee. Uji ukawa mwepesi kama togwa, ukatiririka vizuri kati ya mawe. Joviana alipiga vigelegele kuliko wote.

Siku kumi baadaye, Jumapili baada ya misa, mvua moja kubwa ilinyesha. Tangi likajaa nusu. Halafu likaanza kulia. Maji yalitoka hapa, yakatoka pale, yakatoka kila mahali. Kabla watoto hawajamaliza kucheka, tangi lilikuwa tupu. Joviana aliingiza kidole kati ya mawe. Saruji ilimomonyoka kama majivu.

Nyayo za Ishengoma zilikuwa zimejaa vidonda tangu siku ile ya kukanyaga, na sasa hata moyo ulikuwa na kidonda.

Mzee Bartholomayo, mwenyekiti wa kijiji, aliita mkutano palepale.

"Tumetumia mifuko sita, kujengea mawe na kumimina uji," alisema. "Imebaki minne. Kijiji jirani wanaiomba wajengee choo cha shule. Jumamosi nitakuja kuutazama ukuta huu. Ukiwa bado hivi, mifuko inaondoka."

Bila mifuko ile hapakuwa na tangi. Bila tangi, bondeni palikuwa palepale pakimsubiri Joviana.

Jumatatu asubuhi hakuchota maji. Alifunga kanga vizuri, akaenda Kamachumu kumtafuta Gamaliel, fundi wa maji kutoka Bukoba. Alimkuta anatengeneza pampu ya shule.

"Fundi, waitu, tafadhali njoo uone tangi letu," alisema akihema. "Linavuja kama kikapu."

Gamaliel alimtazama alivyochoka, akatazama tumbo lake, akafuta mikono. "Kesho alfajiri nitakuwa kwenu," alisema.

Na kweli, Jumanne aliwasili na baiskeli yake, gamubuti zake za mpira zimefungwa nyuma. Hakuanza na ukuta. Alianza na miguu ya Ishengoma.

"Nani amekuunguza hivi?"

"Simenti," alijibu Ishengoma kwa aibu. "Niliikanyaga kama ndizi."

"Pole sana, Ta Ishengoma. Simenti mbichi inakula ngozi. Ikikugusa, osha mara moja kwa maji mengi. Leo hukorogi. Unakwenda kwanza zahanati, na ukirudi utavaa gamubuti hizi."

Kisha akakwangua ukuta kwa msumari. Unga ukadondoka.

"Maji mengi mno," alisema. "Simenti hunywa maji kidogo tu. Yanayozidi hukauka na kwenda zake. Pale yalipokuwa hubaki matundu madogo, mengi sana. Humo ndimo tangi linamovujia. Tena simenti yenyewe inakuwa dhaifu."

"Lakini fundi," alisema Joviana, "bila maji mengi uji hauingii kwenye mawe. Tuliona kwa macho."

"Umesema kweli. Ndiyo maana inatakiwa njia nyingine. Fukueni kwanza yote hii mbovu."

Siku mbili wanaume na wanawake walifukua nafasi ile kwa nondo na kuisafisha. Alhamisi Gamaliel alikata pipa la chuma katikati, akaweka nusu ya mfuko wa saruji na mchanga uliochekechwa. Akapima nusu debe ya maji, si zaidi.

"Debe moja kwa mfuko mmoja," alisema. "Nusu mfuko, nusu debe. Hatukisii."

Akakoroga kwa koleo. Ulitoka ugali, si uji! Alipoinamisha pipa, mchanganyiko ulining'inia tu ukingoni, ukagoma kushuka. Watu wakaanza kuguna.

"Huo utaujenga ukuta au utaulisha?" aliuliza Rugaibula, mzee aliyeendesha mashine ya kusaga. Watu wakacheka. Ishengoma, aliyekuwa amerudi na miguu iliyofungwa bendeji ndani ya gamubuti, alinyoosha mkono kuchukua debe la maji.

"Rudisha!" alisema Gamaliel. "Chukueni vipande vya mbao. Pigeni pipa kwa nje, harakaharaka, wakati mimi nakoroga."

Watu wanne walipiga. Pipa likanguruma na kutetemeka. Joviana aliinama kutazama, na macho yakamtoka. Ule ugali ulikuwa unalegea! Uso wake ulianza kung'aa, ukajilaza, ukaanza kutembea wenyewe kuelekea pembeni.

"Umeongeza maji!" alisema Ishengoma.

"Hata tone. Umeniona?"

"Sijakuona. Sasa maji haya yametoka wapi?"

"Yalikuwamo," alisema Gamaliel. "Chembe za simenti hupenda kushikana. Zinajikusanya kuwa vidonge vidogo, na kila kidonge kinafungia maji ndani. Maji yapo, lakini hayafanyi kazi. Ukitikisa wakati unakoroga, vidonge vinavunjika. Maji yanatoka, chembe zinateleza. Uji unakuwa mwepesi, na maji ni yaleyale."

Lakini wapigaji walikuwa wameanza kuchoka. Mikono ilipolegea, mtikisiko ulikufa, na uji ukaanza kuganda tena.

"Huko mjini tuna mashine ya kutikisa," alisema Gamaliel akijifuta jasho. "Hapa hatuna. Itabidi tupokezane. Mifuko minne itatuchukua mpaka kesho kutwa."

Kesho kutwa ilikuwa Jumamosi, siku ya mwenyekiti. Joviana aligeuka kutazama nyumba ya mashine, hatua kumi kutoka pale. Chini ya mtambo ule palikuwa na mbao nene zilizofungwa kwa bolti. Moja ilitokeza nje ya ukuta, na hapo wanawake waliweka vikapu vyao wakisubiri zamu. Mara ngapi alijaza kikapu cha mahindi mpaka juu, akakiweka kwenye ubao ule, na baada ya muda akakuta mahindi yameshuka na nafasi imepatikana?

"Fundi!" alipiga kelele. "Mashine tunayo!"

"Ipi?"

"Ile! Ubao ule unatetemeka mpaka meno yanagongana. Tuweke pipa juu yake!"

Gamaliel alikwenda, akaushika ubao, akaupima unene wake kwa macho. "Mzee Rugaibula, washa."

Rugaibula alizungusha mkono wa mashine mara tatu. Injini ikakohoa, ikanguruma. Gamaliel akaweka mkono wake kwenye ubao, na tabasamu likamwenea uso mzima. "Leteni pipa! Lakini nje, mbali na mkanda wa mashine. Asiingie mtu na kanga inayoning'inia!"

Wakalibeba pipa na ule ugali uliogoma. Wakaliweka juu ya ubao, wakalifunga kwa kamba. Gamaliel akakoroga. Wala haikuchukua muda wa kusema Salamu Maria tatu. Uji ulilegea, ukang'aa, mapovu ya hewa yakapanda juu na kupasuka. Joviana alicheka mpaka machozi. Wanawake walipiga vigelegele vilivyoishinda injini.

"Basi! Ondoa!" aliita Gamaliel. "Ukitikisa kupita kiasi, mchanga unazama na maji yanabaki juu. Ukilainika tu, mimina upesi, maana ukitulia utaganda tena."

Kazi ikawa mbio. Wawili walikoroga, wanne walibeba, Ishengoma alimimina. Joviana alikatazwa kubeba, basi alipima maji, na hakuna aliyethubutu kumwomba kikombe cha ziada. Uji uliingia kati ya mawe, ukajaza kila pembe. Gamaliel aliusindilia kwa fimbo nyembamba ili hewa itoke. Jua lilipokuwa linashuka, mifuko yote minne ilikuwa imekwisha.

"Msiuache ukauke haraka," alisema. "Ufunikeni kwa majani ya migomba. Ulowesheni asubuhi na jioni kwa siku saba."

Jumamosi Mzee Bartholomayo alikuja na msumari wake. Akainua jani la mgomba, akakwangua. Msumari ulipiga kelele, ukateleza. Akakwangua tena kwa nguvu zote. Akageuza msumari, akaitazama ncha yake iliyokuwa butu.

"Kwa hiyo hakuna mifuko ya kuhamisha?" aliuliza.

"Yote iko humo ndani ya ukuta," alisema Joviana. "Waambie waje waitoe."

Mwenyekiti alicheka, akampa mkono, halafu akampa mkono Ishengoma. Na kabla ya kuondoka alimwomba Gamaliel aende na Joviana kwenye kijiji kile jirani, wakawaonyeshe namna ya kupima maji na kutikisa, siku watakapopata saruji yao.

Masika yalianza Machi, na mvua ya Kamachumu haina utani. Maji yaliteremka kutoka batini kwa mlio mkubwa, yakajaa robo, yakajaa nusu, yakafika juu. Kijiji kizima kilisimama kwenye mvua kikitazama ukuta. Watoto walizunguka wakitafuta penye kuvuja, hawakupata. Joviana alipitisha kiganja chake chini ya ukingo, mahali ambapo mvua haikufika. Mawe yalikuwa makavu. Alirudia mara ya pili na ya tatu, akalia mbele za watu, wala hakuona haya.

Mtoto alizaliwa Aprili, msichana mwenye sauti kubwa, wakamwita Kemilembe. Siku hizo za kwanza Joviana hakutoka nje, maana mzazi hutunzwa ndani. Asubuhi ya tatu alisikia kelele njiani. Wanaume walikuwa wanacheka na kupiga miluzi. Akachungulia mlangoni.

Ishengoma alikuwa anakuja, ndoo ya maji kichwani, mikono yote miwili imeishika kama anabeba mfalme. Nyakashozi hakuna aliyewahi kumwona mwanamume akibeba maji kichwani. Maji yalimmwagikia shingoni, na kola ilikuwa imelowa chapachapa.

"Umemwacha nani akukorogee pombe?" Rugaibula alimwita kutoka mashineni. "Ukimaliza, uje na kwangu!"

"Na wewe una miguu!" alijibu Ishengoma. "Tangi liko mlangoni kwako!"

Aliingia, akaitua ndoo karibu na kitanda, akahema. Njia yote haikuzidi hatua mia mbili. Joviana alichota kikombe, akanywa, kisha akalowesha kidole na kumpangusa mtoto paji la uso.

"Yameletwa na baba yako," alimwambia.