Fremu Nyepesi ya Guifré

Kila siku shule ikifungwa, Queralt alipita nyumbani kwa dakika chache tu. Alikula mkate uliosuguliwa nyanya na kumiminiwa mafuta ya zeituni, akiwa amesimama, huku mama yake akimwambia akae chini ale kama mtu. Kisha alichukua helmeti na kuteremka bondeni. Mto wa Rocalba, mji wao, hauna maji mpaka mvua kubwa inyeshe milimani. Siku nyingine zote ni mawe matupu, makubwa kwa madogo, na hapo ndipo watoto wa mji ule huendesha baiskeli zao.

Si baiskeli za kwendea dukani. Hazina kiti. Mwendeshaji husimama juu ya pedali mwanzo hadi mwisho, akabana breki, akaruka kwa gurudumu la nyuma kutoka jiwe hili hadi lile. Akiweka mguu chini, mwamuzi humhesabia kosa, na mwenye makosa machache ndiye mshindi. Queralt alikuwa na miaka kumi na miwili. Baiskeli yake ya utotoni ilikuwa imekuwa fupi hata magoti yake yaligonga usukani, na mwaka huo alisubiri jambo moja tu, siku ya fremu.

Siku hiyo huja kila mwaka wakati wa vitunguu virefu vya kuchoma, baridi inapoanza kulegea. Watu wa klabu ya baiskeli huwasha moto kando ya mto, huchoma vitunguu mpaka maganda yakawa makaa, huvimenya kwa vidole na kuvichovya kwenye mchuzi wa lozi, na kila mtu hubaki na kidevu cheusi. Wakishashiba, vijana waliokua huleta fremu zao za zamani, yaani miili ya baiskeli bila magurudumu wala usukani, na kuziegemeza ukutani. Wadogo hupiga kura, na kila mmoja huchagua kwa zamu yake. Hakuna kuuziana. Sharti ni moja tu: anayetoa fremu husimama kando yake, akaigusa kwa kidole kila mahali ilipowahi kuumia, na kusema iliumiaje.

Ermengol, aliyekuwa akienda Barcelona kusoma, alianza na fremu yake nyeusi. Ilikuwa nene shingoni, pale mabomba mawili makubwa yanapokutana chini ya usukani, na palikuwa na kipande cha pembetatu kilichochomelewa kuiongezea nguvu.

"Hapa niliangukia jiwe la darajani," alisema. "Hapa ilibonyea, kocha akainyoosha. Hapa breki ilivuta mpaka rangi ikatoka. Na hapa..."

"Hiyo si fremu, ni mgonjwa wa wodini," alinong'ona Bruna, rafiki yake Queralt, na watoto wakacheka. Ermengol aliendelea kusema mpaka wengine wakarudia vitunguu.

Kisha akasimama Guifré, kijana wa miaka kumi na minne, bingwa wa wadogo mwaka uliopita. Fremu yake ilikuwa ya alumini, nyeupe, nyembamba, nyepesi hata ungeiinua kwa vidole viwili. Shingoni alikuwa amebandika stika kubwa mpya ya klabu.

"Yangu haina jeraha," alisema. "Mikwaruzo tu."

Kura ya kwanza ilimwangukia Queralt. Hakufikiri. Alikwenda moja kwa moja kwenye fremu nyeupe.

"Ngoja kwanza," alisema Kocha Remei. Remei alikuwa na karakana ya matrekta juu mjini, na mikono yake ilikuwa na madoa ya cheche za kuchomelea. "Mwanangu, chukua ile ya Ermengol."

"Kwa nini mimi ndiye wa kupewa mzigo?"

"Kwa sababu wewe bado unaanguka. Unaangukia mbele, na ukiangukia mbele kipigo kinakwenda shingoni. Ile nyeusi imepigwa hapo mara nyingi na imesimama. Hii nyeupe naambiwa haijawahi kupigwa, na mimi nimemwona huyu akiigonga kwenye mawe miaka miwili. Hebu nitoe hii stika nione."

Remei alinyoosha mkono. Queralt aliivuta fremu kwa nguvu hata ikamgonga kocha kwenye kidole.

"Kura yangu, chaguo langu," alisema, uso umemwiva. "Unataka niwe wa mwisho kila mwaka ili Guifré wako aendelee kuwa bingwa peke yake."

Remei alijitazama kidole, kisha akamtazama Queralt, akakaza taya.

"Haya. Chukua. Usije ukanililia."

Aligeuka akaenda kuzima moto. Fremu nyeusi haikuchaguliwa na mtu, ikarudishwa kuning'inia kwenye banda la klabu.

Queralt aliifunga fremu nyeupe magurudumu na usukani, na juma la kwanza alikuwa kama mtu aliyeota mabawa. Palikuwa na jiwe waliloliita Kichwa cha Punda, lililomfikia kifuani, ambalo hakuwahi kulipanda. Kwa fremu nyeupe alilipanda siku ya tatu. Mashindano ya mji yalikuwa karibu, na jiwe lile lilikuwa katikati ya njia. Kila alipopita mbele ya Remei aliinua kidevu na hakumsalimu.

Juma la pili fremu ikaanza kulia. Kila alipotua, ilitoa sauti ndogo, kama mlango wa kabati. Queralt alikaza usukani. Ikalia. Akakaza magurudumu. Ikalia tena, na hasira zikampanda.

"Umeichezea," alimwambia Bruna.

"Mimi?"

"Nilikuazima jana. Umelegeza kitu, hujui hata kushika spana."

"Sikugusa hata skrubu moja. Na wewe siku hizi huongei, unabweka tu. Tafuta mwingine wa kumbwekea." Bruna akachukua baiskeli yake akaondoka.

Jumamosi, siku moja kabla ya mashindano, Queralt alifungua magurudumu na usukani, akakaa uani kwao na fremu mapajani. Remei alikuwa amewafundisha watoto wote namna ya kutafuta ufa usioonekana kwa macho: unapaka mafuta mepesi, unafuta mpaka pakauke, halafu unapaka unga wa chaki. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuilowesha chaki. Alibandua stika kwa ukucha. Chini yake rangi ilikuwa mpya, nyeupe kuliko kwingine. Alipaka mafuta, akafuta, akaponda kipande cha chaki na kukipaka kwa kidole, akangoja.

Mstari ukajitokeza polepole, mweusi, mwembamba kama unywele. Ulianzia chini ya shingo, ukapanda upande mmoja, ukazunguka nusu ya bomba.

Hasira ikampanda, lakini hii haikuwa ya kubweka. Alibeba fremu begani akaenda kumtafuta Guifré.

Alimkuta kwenye bomba la maji la uwanjani, anaosha baiskeli yake mpya na kupiga mluzi.

"Hii ni nini?" Queralt alimwekea fremu mbele ya macho.

Guifré aliacha mluzi. Alitazama huku na huku. "Punguza sauti."

"Sipunguzi. Ulijua?"

"Ilitokea wakati wa Krismasi. Niliruka ukuta wa kinu cha zamani."

Watoto wote walijua kwamba ukuta ule umepigwa marufuku, tangu mwenzao mmoja alipouruka akavunjika taya.

"Ningetaja ufa," aliendelea Guifré, "Remei angeniuliza niliupatia wapi. Angenifungia msimu mzima."

"Kwa hiyo ukaona afadhali taya langu."

"Usikuze mambo, dada. Mimi nimeiendesha na ufa huohuo miezi miwili, mbona sijafa? Sikiliza. Kesho unakipanda Kichwa cha Punda, wote wanakuona. Jumatatu unasema imekupasukia wewe. Hapo hakuna wa kuulizwa. Ukienda kwa Remei leo utapanda nini? Lile gogo la Ermengol? Na utamwambia nini, wewe uliyempiga kidole?"

Maneno yale yalimpata Queralt. Kwa fremu ile angeweza kuupanda mwamba mbele ya mji mzima. Bila fremu ile angelazimika kusimama mbele ya Remei na kumeza kila neno alilomrushia. Stika ilikuwa bado mfukoni mwake, ingeweza kubandikwa tena. Lakini alimtazama Guifré, mwenye miguu mirefu na macho yanayokwepa, akaona kwamba akikubali, kesho kutwa yeye ndiye atakayetafuta maneno kama haya ya kumwambia mwingine.

"Nimemtukana Bruna kwa ajili ya uongo wako," alisema. "Nakwenda karakana. Ukitaka kuja, njoo. Usipokuja, nitasema mwenyewe."

Remei alikuwa chini ya trekta. Queralt aliitua fremu juu ya meza, vyuma vikaruka.

"Haya, sema," alisema. "Sema kwamba ulinionya."

Remei alitoka, akafuta mikono, akainama juu ya ule mstari. Hakusema alichoombwa kusema. Queralt aliona shingo ya kocha imekuwa nyekundu.

"Siku ile nilikasirika kwa kuwa ulinivunjia heshima mbele ya watu," alisema. "Nikakuachia, na huku nilikuwa na wasiwasi na ile stika. Mtu mzima hafanyi hivyo. Hilo ni langu, na naomba radhi."

"Na mimi nilikupiga kidole. Nisamehe, Kocha."

"Kidole kimepona. Nani mwingine anajua?"

"Mimi," alisema Guifré kutoka mlangoni. Alikuwa amekuja, lakini hakuvuka kizingiti.

"Ingia. Iguse useme, kama ulivyotakiwa kusema siku ile."

Guifré aliweka kidole kwenye ufa akasimulia habari za ukuta wa kinu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alipomaliza aliuliza, "Si unaweza kuichomelea tu, Kocha?"

"Alumini nyembamba hivi, imepasuka shingoni? Nikiichomelea leo, itapasuka pembeni kesho." Remei alichukua msumeno wa chuma ukutani. Katika klabu ile, fremu iliyopasuka hukatwa, ili asitokee mtu mwingine wa kuipanda. "Kata."

Guifré aliibana fremu kwenye jiliwa la mezani na kuanza kukata upande wa bomba usiopasuka. Alipeleka msumeno, akaurudisha, akaupeleka tena. Meno yalikuwa hayajazama hata unene wa kidole bomba lilipokatika lenyewe, paa, na shingo yote ikaanguka sakafuni na kubiringika mpaka kwenye viatu vya Queralt.

Guifré alibaki na msumeno mkononi.

"Kesho huendeshi," Remei alimwambia. "Utasimama chini ya Kichwa cha Punda kutwa nzima, mikono juu, kuwadaka wadogo wanaoanguka. Na Jumatatu utasema mbele ya klabu yote."

Jioni ile Queralt alikwenda kwa kina Bruna. Bruna alimwacha mlangoni kidogo, makusudi.

"Umekuja kubweka?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Fremu ilikuwa na ufa. Wewe hukugusa kitu."

"Nilikwambia." Bruna alivaa koti. "Na sasa unataka nikusaidie kumfunga mgonjwa wa wodini magurudumu."

"Ndiyo."

"Basi sema tafadhali mara mbili."

Queralt akasema mara mbili. Waliiteremsha fremu nyeusi bandani, wakaifunga magurudumu, breki, usukani na bamba la kukingia chini.

Kesho yake, kwenye mashindano, Queralt alipanda njia ile kwa jasho. Fremu ilikuwa nzito, na kila alipoinua gurudumu la mbele alitamani kumlaani mtu. Kwenye Kichwa cha Punda aliruka, gurudumu la nyuma likagusa ukingo, halikushika. Alirushwa mbele. Guifré alimdaka kiunoni, lakini baiskeli ilikwenda peke yake ikapiga jiwe kwa shingo, kwa kishindo kilichowafanya akina mama wafumbe macho. Queralt aliikimbilia, akapapasa shingo kwa kidole. Palikuwa na mkwaruzo mmoja mpya. Aliinyanyua akaendelea mpaka mwisho wa njia, makosa yakiwa mengi, akawa wa sita.

Alikaa juu ya jiwe, helmeti mapajani, amenuna. Remei akaja akakaa kando yake.

"Wa sita," alisema Queralt. "Na bado nimemkasirikia. Hata kama amenidaka."

"Kasirika. Sitakwambia uache, amekukosea sana. Ila angalia hasira inakupeleka wapi. Siku ya kura ilikufanya uninyang'anye fremu mkononi nisiikague. Kisha ikakufanya umtukane rafiki yako. Jana ilikuwa hasira kali kuliko zote, na ilikuleta karakana na ukweli begani. Hiyo ndiyo iliyokuokoa." Remei aliishika fremu nyeusi shingoni. "Na kifaa cha kukubeba juu ya mawe usikipime kwa wepesi wala kwa rangi. Tazama kina nguvu pale utakapokipiga, halafu umwamini yule anayekwambia wazi kiliumia wapi. Anayesema chake hakijawahi kuumia, kikague mara mbili, hata akiwa bingwa, hata kocha akisema kiko sawa."

Queralt alitazama chini ya Kichwa cha Punda. Guifré alikuwa bado amesimama, mikono juu, akimngoja mtoto mwingine.

"Jumatatu atasema mbele ya wote?"

"Atasema. Utakuwepo umsikilize?"

"Nitakuwepo," alisema Queralt bila kutabasamu. "Nitakaa mbele kabisa."