Haina Mtu

Bomba la jikoni ndilo lililoanza. Alasiri ile mama alikuwa sebuleni anakunja nguo zake, anabishana na redio kama kawaida yake, aliposikia maji yanafunguliwa jikoni, yanatiririka kidogo, kisha yanafungwa. Yakafunguliwa tena, yakafungwa. Mwenye kiu hafanyi vile. Vile hufanya mtu anayepima kama maji yanatoka kwa nguvu.

Akaenda kuangalia. Hapakuwa na mtu, ila sinki lilikuwa limelowa na jiko zima lilinuka rangi mbichi na saruji, katika nyumba iliyopakwa rangi mara ya mwisho marehemu baba akiwa bado na meno yake yote. Mama akampigia simu binti yake kazini.

"Wewe, umemtuma fundi bomba kwangu?"

"Sijamtuma mtu, mama."

"Basi kuna mtu humu anajaribu mabomba yangu." Akacheka kile kicheko chake cha kusikika nyumba ya tatu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Labda atanitengenezea na lile la bafuni linalovuja."

Binti naye akacheka, akakata simu, akarudi kwenye kompyuta yake.

Kazini walimwita Namba Moja. Hakuwa dalali, madalali wa kampuni ile walikuwa wale vijana wa viatu vya kung'aa na maneno matamu. Kazi yake yeye ilikuwa mtandaoni. Mtu popote alipo akiandika kwenye simu yake kwamba anatafuta nyumba, basi nyumba za kampuni yao zitangulie kuonekana, juu ya za wengine wote. Nani hushuka mpaka ukurasa wa pili wa majibu? Hakuna. Kwa hiyo kila asubuhi Namba Moja alichungulia watu wanaandika maneno gani wanapotafuta, akayachukua yale yale na kuyapanda kwenye matangazo, akayarudia na kuyarudia, mpaka mtambo wa kutafutia ukaamini kwamba yeye ndiye anayejua habari za nyumba kuliko viumbe wote.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," mama yake alizoea kumtania. "Wewe mwanangu unalipwa kutembeza."

Na kibaya kilikuwepo. Siku chache kabla ya lile bomba, bosi alikuwa na nyumba moja ya pembezoni mwa mji, kuta zimepasuka, choo kimetitia, na picha zake zilitisha hata mchana kweupe.

"Namba Moja, nyumba hii imenikaa kooni," bosi alimwambia. "Niletee wateja tu. Wakishafika, maneno niachie mimi."

"Kwa picha hizi, bosi?"

"Picha si zipo popote? Biashara matangazo, bibi."

Picha zipo popote! Siku ya mapumziko akaenda zake kwa mama na kamera. Ilikuwa nyumba ndogo, lakini baba aliijenga kwa mapenzi, kaiwekea madirisha makubwa, na jua la jioni likiingia sebuleni hata ufagio uliosimama pembeni ulipendeza. Mama alikuwa kwenye kiti chake, anasimulia habari ya jirani na mbuzi wake.

"Mama, sogea kidogo, unaonekana."

Mama akasogea.

"Bado, mkono unaonekana. Na hicho kiti, na kapu la nguo."

Mama akavuta kiti, akavuta kapu, akajibana nyuma ya mlango huku anacheka. "Haya, nimeshatoweka. Piga."

Akapiga. Alipofika ofisini akatafuta maneno ya kuweka chini ya picha. Kwa majuma kadhaa alikuwa ameona maneno fulani yanatafutwa sana, na kila siku yanazidi. Si "nyumba ya bei nafuu", wala si "nyumba karibu na shule". Watafutaji hawa, ambao mtambo haukuweza kusema wako mji gani, waliandika hivi tu: nyumba haina mtu. Na hakuna kampuni hata moja iliyokuwa imeyagombea. Ukimwonyesha mtu wa kazi ile kitu kama hicho, umemwonyesha dhahabu iliyoangushwa barabarani. Hakujiuliza ni nani huyo mwenye hamu kubwa kiasi kile ya nyumba isiyo na mtu. Mtafutaji ni mtafutaji, alijisemea.

Akaandika chini ya sebule ya mama yake: "Nyumba haina mtu. Tulivu kabisa, haina kelele. Ni yako. Karibu uingie wakati wowote, huna haja ya kubisha hodi." Akayarudia yale maneno kila aya. Kisha akatumia ujanja wa watu wa kazi yake, akayajaza tena chini ya ukurasa kwa maandishi meupe juu ya weupe, mtambo uyasome, binadamu asiyaone. Haina mtu, haina mtu, haina mtu. Haikupita siku, ukurasa ukawa namba moja, na bosi akampigia makofi ofisi nzima ikisikia.

Sasa turudi kwa mama. Baada ya bomba zikaja swichi: taa zinawashwa na kuzimwa chumba baada ya chumba. Kisha kuta. Ngo, ngo, halafu kimya, kama kuna anayetega sikio asikie ukuta ni imara au ni mtupu. Makabati yakafunguliwa yakaachwa wazi. Mama aliyasimulia yote kwenye simu, lakini kila siku kicheko kilipungua, na siku moja Namba Moja akagundua kwamba haisikii redio kule nyuma.

"Mama, redio imeharibika?"

"Haitaki kelele," mama alinong'ona.

"Redio haitaki kelele?"

"Si redio, mwanangu." Na simu ikakatika.

Jioni ile akaenda. Kiti cha mama alikikuta nje, uani, na juu yake kapu la nguo, na pembeni viatu vimepangwa jozi jozi, na godoro limeegemezwa ukutani. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kajifunika khanga mpaka kichwani.

"Nani ametoa vitu hivi?"

"Shh!" Mama akamshika mkono. "Nilidhani ni mimi, labda uzee. Narudisha ndani, nikigeuka viko nje. Sema polepole. Ukisema kwa sauti anakuja kusimama karibu."

"Nani, mama?"

"Sijui. Ananitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake."

Namba Moja akataka kucheka lakini kicheko hakikuja. Akaingia sebuleni, na harufu ya rangi mbichi ikampiga usoni, kali, ya kuchoma macho, ingawa kuta zilikuwa zile zile za zamani, na aliposimama katikati ya chumba akasikia kule chumbani kwa mama hatua za mtu mzito asiye na haraka, zinakwenda kutoka ukuta hadi ukuta kama anayepima upana kwa miguu, zikafika mwisho, zikageuka, zikaja kwenye korido, zikapita bafuni na bomba likafunguliwa na kufungwa, zikaja mpaka kwenye mlango wa sebule uliokuwa wazi na asionekane mtu, zikasimama, na hewa ya pale mlangoni ikawa baridi na nzito, na yeye akajua bila kuambiwa na yeyote kwamba kitu kile kinamtazama, kwamba kinamfahamu, na kwamba hakina chuki naye hata chembe, bali kinamtazama kwa furaha, kama mteja anayemtazama dalali wake.

Alitoka mbio mpaka barabarani. Ndiyo, alimwacha mama yake mlangoni. Akarudi baadaye akiwa na haya, akamsihi waondoke pamoja, mama akatikisa kichwa. "Nyumba ya baba yako," alinong'ona. "Nimwachie nani?"

Asubuhi, ofisini, akafungua hesabu za ukurasa wake. Watu wa kazi ile humwita kila anayefungua ukurasa "mgeni". Wageni huja, hutazama kidogo, huondoka. Mmoja hakuwa ameondoka. Alifungua ukurasa siku ile ile ya kwanza na alikuwa bado yumo, hajatoka hata dakika. Na kwenye kisanduku cha maulizo ya wateja palikuwa na ujumbe usio na jina wala namba: "Nyumba nimeipenda. Tangazo linasema haina mtu. Mbona yumo mwanamke?"

Alipokuwa anausoma kwa mara ya pili, chini yake ukaingia mwingine: "Usisumbuke. Namalizia mwenyewe."

Akakimbia mpaka kwa mama, akamkuta nyuma ya mlango wa sebule. Amejibana pale pale alipojibana siku ya picha, amekunja mabega, mikono ameificha ili isionekane. Macho yalikuwa mazima, lakini alipofungua kinywa haikutoka sauti. Mwanamke yule aliyebishana na redio, aliyesema na kuku, aliyesema hata usingizini! Namba Moja akamkumbatia akalia, na mama akamziba mdomo kwa kiganja asipige kelele.

Jirani mwenye mbuzi ndiye aliyemleta mganga, mwanamume mnene mwenye kikohozi, na dawa zake kwenye mfuko wa plastiki. Akafukiza ubani sebuleni, akasoma anayoyajua, na moshi badala ya kupanda ukatambaa chini ukatoka nje kwa mlango. Mganga akakunja uso.

"Wewe uliyeingia kwa watu, toka!"

Mama akafungua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa yake, lakini ya adabu, laini, bila kicheko ndani yake.

"Sikuvunja mlango. Nilikaribishwa."

"Na nani?"

"Mwenye nyumba. Tena kwa maandishi."

Mganga akamgeukia Namba Moja. "Binti, umeandika nini?"

Akamweleza. Akamweleza picha, na maneno, na watu wanaotafuta. Mganga alimsikiliza huku mdomo u wazi.

"Nyumba isiyo na mtu!" alisema kwa sauti ya chini. "Tangu lini binadamu akatafuta nyumba isiyo na mtu kwa fujo namna hiyo? Hukusikia hata kwa bibi yako ni akina nani huhamia nyumba tupu? Haya, kanusha. Kanusha mbele yake."

"Ina mtu!" Namba Moja akapiga kelele. "Yumo mama yangu! Nyumba hii ina mtu!"

Ikajibu ile sauti ya adabu, kinywani mwa mama yake: "Umesema mara moja. Kule umesema mara ngapi?"

"Nilikosea. Ilikuwa kazi tu."

"Na yale meupe? Uliyoyaficha? Hayo ndiyo niliyoyasoma mimi."

Akatoa simu, akaufuta ukurasa hapo hapo. "Nimefuta! Haupo tena!" Akaandika kwenye kisanduku cha kutafutia ili amwonyeshe. Nyumba haina mtu. Na majibu yakaja: sebule ya mama yake kwenye tovuti ya dalali mwingine, sebule ya mama yake kwenye tovuti asiyoijua, na nyingine, na nyingine. Wameiba picha, wameiba na maneno yote, hata yale meupe. Ndivyo wafanyavyo. Yeye mwenyewe alikuwa akifanya hivyo kwa wengine. Aliteremsha kidole, akateremsha, mpaka machozi yakamfanya asione.

Mganga akaanza kurudisha dawa zake mfukoni.

"Unakwenda wapi?" Namba Moja akamshika shati. "Mzee, nakuomba!"

"Anayeingia kwa nguvu namtoa. Huyu kaitwa, tena na mtoto wa nyumba. Mimi ni nani nimtoe?" Akakohoa, akamtazama mama kwa huruma. "Mtoeni mama, kabla hajatolewa kama kile kiti."

Wakamtoa. Jirani alishika huku, binti huku, na mama, mwanamke mzito wa mifupa, aling'ang'ania fremu ya mlango aliyoitengeneza mumewe, wakamfungua kidole kimoja kimoja. Walipofika nje ya uzio sauti ikamrudia, na kitu cha kwanza kutoka ilikuwa jina la mumewe. Akaliita mara nyingi. Nyuma yao mlango ukafungwa taratibu, kwa adabu, na komeo likaingia kwa ndani.

Sasa mama anakaa kwenye chumba cha kupanga cha Namba Moja, ghorofani. Bosi alikasirikia ukurasa kufutwa, akafoka, kisha akampa nyumba nyingine ya kutangaza, maana kula lazima, na yeye akaipokea. Mama anaongea tena. Anaongea na wapangaji, na wauza mboga, na watoto wa ngazini, na wote wanampenda. Binti yake akiingia, hunyamaza. Hukaa kwenye kiti karibu na mlango, begi lake limefungwa, limepakatwa mapajani.

"Mama, fungua begi," Namba Moja alimwambia juzi, akipiga magoti mbele yake. "Hapa ni kwako. Nisamehe, mama, lakini hapa ni kwako."

Mama alimtazama. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Na hapa, mwanangu," aliuliza polepole, "umeandika nini?"

"Sijaandika kitu, mama. Wallahi sijaandika kitu."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemkubalia muuzaji ili amwondokee, na begi hakulifungua.